USHAURI: Nichore adui yupi kwenye ukuta wa kibanda cha gemu?

MwanaBondeni: Assalaam aleikum wadau. Nna kibanda cha gemu hapa Bondeni, skrini tatu, wengi waja kwa mpira lakini usiku kuna vijana wamezama kwenye Age of Mythology Retold, ile gemu ya vita vya miungu wa kale, tangu itoke ya PS5 2025. Nataka adui mmoja mkubwa ukutani nje, watu wapajue. Nimekwama baina ya maadui watatu wa gemu hiyo, Gargarensis, Kamos na Loki, wallahi silali, na fundi yuwangoja. Nisaidieni haraka.

Kahawa_Tungu: Gargarensis, wacha maneno. Yule ataka kufungua lango la Tartarus, jela ya kuzimu, Kronos baba wa miungu atoke, wamfukuza Ugiriki, Misri mpaka kwenye baridi ya kina Thor, umkate kichwa ufurahi, Ajax, shujaa wa upande wako, akiinua hicho kichwa kumbe ni cha Kemsyt, kibaraka wake tu! Mimi nilicheza ile ya kwanza ya 2002, saiba moja Mwembe Tayari, shilingi kwa dakika, nkafika hapo hapo stima ikapotea na sijasevu. Nikarudi kwetu kwa miguu.

Dera_Jekundu: Loki. Gargarensis ni misuli tu. Loki alijifanya kizee Skult akawapa mashujaa bendera, wakaibeba wenyewe kumbe ndiyo yawaletea vita kila wapitapo. Sisi Skult wetu ni shemeji, tulimpa pesa za ukumbi ashike. Basi tu.

Likoni_Feri: Mtu hakosi usingizi kwa picha. Kuna kitu hujasema.

MwanaBondeni: Haya. Mwenye nyumba hataki Gargarensis kwa kuwa ni chongo.

Likoni_Feri: Mwenye nyumba ni nani?

MwanaBondeni: Ni ustadhi. Chuo chake kimeelekeana na huo ukuta. Juzi fundi kachora duara la jicho kwa chaki, duara tu, katoto kametoka chuoni kameshika juzuu, kakaangalia, kakapiga ukelele "Dajjal! Dajjal!" kakatimka kakaacha ndara moja barabarani. Nnayo hapa kaunta. Lakini advansi nshalipa na rangi ya manjano ya jicho nshanunua lita nne, duka hawarudishi. Na si Dajjal jamani, ni jitu la Kigiriki, tena mwisho anashindwa!

Babu_wa_Kuze: Mwanangu, ukuta si wako. Chora maua. Na hao vijana wakeshao hapo, alfajiri wanaamshwa na nani?

ViaziKarai: Mchore Kamos. Kichwa chake kile cha ng'ombe pale nje, watu watakuja kuuliza kilo ni ngapi.

Kahawa_Tungu: Kamos haramia wa bahari, aliiba tridenti ya sanamu ya Poseidon kule Atlantis. Mombasa ndiyo afaa.

Hesabu_Kali: Ngojeni kwanza. Lita nne za jicho moja? Hilo jicho ama dau? Halafu ustadhi akodishe kibanda cha gemu mbele ya chuo chake mwenyewe? Paukwa!

ViaziKarai: Pakawa 😂

Dera_Jekundu: Hata mimi niliona hiyo ndara imekaa vizuri mno.

Babu_wa_Kuze: Kwa hivyo nimepoteza nasaha zangu?

MwanaBondeni: Si urongo! Ukuta ni mrefu na jicho ndilo kubwa kuliko vyote. Na nilipokodi nilimwambia natengeneza simu.

Likoni_Feri: Ahaa. Endelea.

MwanaBondeni: Natengeneza kweli, asubuhi.

Likoni_Feri: Endelea.

MwanaBondeni: Ijumaa wazee wangu waenda kwake kuposa.

Hesabu_Kali: Subhanallah. Hii nayo siwezi kusema umetunga, hakuna mtu angejitungia hivi.

Dera_Jekundu: Sasa wauliza adui yupi ama wauliza mke?

MwanaBondeni: Nauliza adui. Nikimchora Loki kama kizee tu na ndevu zake, si haina shida? Hana chongo, hana pembe.

Kahawa_Tungu: Kizee mwenye ndevu, mbele ya chuo cha ustadhi. Atadhani umemchora yeye.

ViaziKarai: Tena mkwe.

MwanaBondeni: Fundi ashapanda ngazi jamani.

Likoni_Feri: Mshushe.

Babu_wa_Kuze: Na ile ndara ya mtoto umeirudisha?

MwanaBondeni: Bado.