Yadi imeniuzia BRZ ya kawaida kwa bei ya tS, na advansi hawataki kurudisha!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Kuna yadi iko njia ya kuelekea Mwenge, jina naliacha mods wasije wakafuta uzi. Walitangaza Subaru BRZ tS ya 2013. Kwa wasioijua, BRZ ni ile gari ya milango miwili, pacha wa Toyota 86, injini boksa ya cc 1998 haina tabo, inasukuma tairi za nyuma. tS ndo ile iliyopita mikononi mwa STI, kitengo cha Subaru cha magari ya mashindano, na mwaka huo Japani zilitoka 500 tu. Kwa hiyo bei wakaipandisha juu kweli kweli, na mi nikaona sawa, gari adimu, nikatoa advansi, tukaandikishana, risiti ninayo.

Nimeenda na fundi wangu wa Gerezani kuikagua kabla sijamalizia hela, kafungua tairi ya mbele akaanza kucheka. Zile breki za dhahabu zilizoandikwa Brembo (kampuni ya breki za magari ya kasi) ni KAVA LA PLASTIKI limebandikwa na silikoni, ukilishika linacheza! Brembo ya tS mbele ina pistoni nne nyuma mbili, hii nyuma ina pistoni moja kama BRZ yoyote. Shokapu za kawaida, tena moja inavuja. Ile bar ya STI ya kukaza bodi chini ya boneti hamna. Cha tS pale ni stika tu na yenyewe imekaa upande.

Namfuata meneja ananijibu eti "kaka injini si ile ile, horsepower 200 ni 200, kwani unaenda kwenye mashindano?" Nilibaki namwangalia tu. Ndo hivyo sasa, STI injini hawakuiongezea nguvu hata kidogo, hela ya ziada unayolipia tS sehemu kubwa iko kwenye breki, shokapu na kukazwa kwa bodi, ukishavitoa hivyo unaniuzia nini, stika?? Nikaomba auction sheet ya Japani, ile karatasi ya mnada inayoeleza gari lilivyo, anasema imepotea bandarini. Karatasi za ushuru zipo zote kwenye faili, mpaka ya ushuru wa uchakavu, iliyopotea ni hiyo moja tu inayosema gari ni gari gani. Wabongo bwana.

Halafu hela yangu hairudi, eti "sera ya kampuni", nichague gari lingine hapo hapo yadi, kuna Forester safi haijatembea sana. Nina watoto wangapi mimi wa kuwapakia kwenye Forester?

Sasa naomba mwenye uzoefu, kuna mtu aliwahi kupeleka yadi FCC (Tume ya Ushindani) akarudishiwa hela, au niende moja kwa moja polisi na hilo kava mkononi? Fundi alilibandua, ninalo, picha naweka hapo chini nikifika home. Na kama kuna mwingine kaitiwa hiyo gari, nyeupe, spoila kubwa nyuma, aje PM kabla hajatoa hata mia.