Usaili wa kujirekodi: nimekiri kosa mbele ya kamera, muda ukaisha kabla sijasema nililirekebishaje

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka.

Majuzi niliitwa kwenye usaili. Nikafurahi kama yeyote aliyetuma maombi miezi kadhaa bila kujibiwa. Kufungua baruapepe, hakuna jina la mtu wala saa ya kukutana. Kuna linki na maelekezo: maswali matano, sekunde 30 za kujiandaa, sekunde 90 za kujibu, unajirekodi mwenyewe, mwisho wa kutuma Jumapili usiku. Chini kabisa: "Tafadhali usijibu ujumbe huu."

Nikajiandaa kwelikweli. Nimepiga shati pasi. Nimepandisha laptopu juu ya ndoo niliyoipindua ili kamera ije usawa wa macho. Kando ya lenzi nikabandika kipande cha karatasi chenye mshale, maana ukizubaa unajikuta unaitazama sura yako mwenyewe kwenye skrini, na ukishaanza kujitazama unavyojieleza, maneno yote yanakukimbia. Mshale ule ndio ulikuwa msaili wangu.

Swali la kwanza na la pili nikapita. La tatu: "Eleza kosa ulilowahi kufanya kazini na jinsi ulivyolirekebisha." Moyoni nikasema hapa nimefika kwangu. Mimi ni mtu wa hesabu. Niliwahi kulipa ankara moja mara mbili: msambazaji alituma nakala, namba yake ikiwa imeongezwa kistari, nami nikaiingiza kwenye mfumo kama ankara mpya. Niligundua mwenyewe mwisho wa mwezi nilipokuwa nalinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Siku hiyohiyo nikamwambia bosi, nikampigia msambazaji, pesa zikarudi zote, na tangu hapo hakuna ankara iliyolipwa bila namba yake kuhakikiwa na mtu wa pili. Jibu zuri, au naongopa?

Sasa mimi nikaanza kulisimulia kama mtu anavyosimulia, na mwanzo wake. Nikafika "nikawa nimelipa mara mbili, na kwa kweli kosa lilikuwa langu, kwa sababu..." Pap! Skrini ikageuka. "Asante! Jibu lako limehifadhiwa." Hakuna kurudia, hakuna kuongeza neno.

Kwa hiyo huko kwao kuna video ya mtu kavaa shati limenyooka vizuri, anakiri kwamba alilipa pesa za watu mara mbili na kosa ni lake. Imeishia hapo. Hata mimi nisingejiajiri.

Angekuwepo mtu, hata yule msaili mkali asiyecheka, angesema "enhe, halafu?" Ni hilo tu nililolihitaji. Ukimsimulia mtu jambo anaitikia: ee, enhe, ikawaje? Kuitikia kwake ndiko kunakokuonyesha wapi ufupishe na wapi ufafanue. Ukilielewa swali ndivyo sivyo, utaona uso wake unakunjamana kabla hujapotea mbali. Hapa unaongea na kitaa cha kijani na saa inayorudi nyuma. Halafu kesho wakuandikie kwamba wanatafuta mtu mwenye "uwezo mzuri wa mawasiliano". Mawasiliano na nani?

Najua watakaokuja kusema inaokoa nauli, na mwenye kazi tayari hahitaji kumdanganya bosi wake ili aende kusailiwa. Kweli kabisa, sibishi.

Ila tazameni hesabu yake, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Usaili wa ana kwa ana, saa moja yako inamgharimu mwajiri saa moja yake. Ndiyo maana alikuwa anapekua wasifu kwanza, anaita watu sita au saba anaowafikiria kweli. Linki haimgharimu chochote. Anaweza kuwatumia watu mia tano kwa kubonyeza mara moja, na kila mmoja wa hao mia tano akapoteza jioni yake nzima kupiga pasi na kupindua ndoo. Kuitwa kwenye usaili zamani kulikuwa na maana, kwamba umevuka hatua. Siku hizi kunaweza kuwa na maana kwamba baruapepe yako ilikuwa sahihi.

Na video yenyewe inatazamwa na nani? Mimi hawakuniambia kama ni mtu au akili mnemba, na hofu yangu siyo ya kubuni. HireVue, kampuni kubwa ya Marekani kwenye biashara hii, ilikuwa inachambua nyuso za wasailiwa hadi kelele zikazidi, na Januari 2021 ikatangaza kwamba imeachana na uchambuzi huo. Mwaka huohuo waandishi wa shirika la utangazaji la Bavaria, Ujerumani, waliijaribu programu nyingine ya kupima haiba kwa video: mwigizaji yuleyule, maneno yaleyale, lakini akivaa miwani au mtandio alama zinabadilika. Wakaweka rafu ya vitabu nyuma ya msailiwa, alama zikabadilika tena. Vitabu ambavyo hajavifungua! Nyuma yangu mimi kulikuwa na pazia na feni.

Wenzetu wengine wameanza kuwekewa ulinzi. Jimbo la Illinois, Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2020, mwajiri anayetaka akili mnemba ichambue video yako lazima akujulishe kabla, akueleze inavyofanya kazi na upate kuridhia, na ukiomba video ifutwe ana siku 30. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 2 Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia za watu kazini, labda iwe kwa sababu ya tiba au usalama. Mimi nimepewa kisanduku cha kuweka tiki "nakubali masharti", na usipokiweka tiki ukurasa hauendi mbele. Huko nako ni kuridhia?

Kuna na ile ya sauti, niliifanya mwezi mmoja kabla. Roboti linakupigia simu. Likaniuliza kwa nini niliacha kazi ya mwisho, nikasema kampuni ilifungwa, wote tukabaki bila kazi. Likajibu kwa uchangamfu: "Vizuri sana! Asante kwa kunishirikisha. Tuendelee na swali linalofuata." Nilicheka, halafu nikakaa kimya hadi likaniuliza kama bado nipo.

Turudi kwenye ule wa linki. Jibu lilikuja Jumanne saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Nani yuko ofisini saa hizo? "Baada ya kuyapitia maombi yako kwa makini..." Makini! Sababu hakuna, alama hakuna, na ukijibu, ujumbe unarudi kwamba anwani haipokei.

Asubuhi likafuata dodoso: kwa kiwango cha nyota moja hadi tano, umeuonaje usaili wetu? Nyota nikaziacha. Chini kulikuwa na nafasi ya maoni, herufi 250, na safari hii hakuna saa inayorudi nyuma. Nikaandika: "Kuhusu swali la tatu: pesa zilirudi zote." Nikatuma.