Naombeni ushauri: panya wanamaliza membe kisiwani, nitumie sumu ipi?

Mwana_Dago: Wakuu, habari za humu. Mimi ni mvuvi, natokea Tanga. Kila kusi tunakaa dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa kidogo, jina nalihifadhi. Zamani membe, hawa ndege wa baharini, walikuwa wanataga pale chini mchangani, ukitembea unaangalia mguu usikanyage yai. Msimu uliopita nimekuta maganda na manyoya tu. Panya wamezidi. Nataka kumwaga sumu kisiwa kizima kabla kusi haijaingia. Ipi ni kali? Silali kwa hili, maana membe ndio wanaotuonyesha samaki walipo.

Mama_Vitumbua: Pole mwanangu. Mimi panya walinitafunia waya wa friji, nyama ya Idi yote ikaoza. Nilihangaika na mitego miezi miwili, mume wangu akanasa kidole.

Kijana_wa_Raskazone: Tega dagaa mkuu, ukikosa panya utapata kitoweo 😂

Ami_Saidi: Nyinyi wavuvi mkifika mnaokota mayai ndoo nzima mnakaanga. Leo lawama kwa panya? Muogopeni Mungu.

Kaa_wa_Nazi: Mwana_Dago, hayo manyoya ni ya makinda au ya membe wakubwa? Panya mara nyingi anamaliza mayai na vifaranga. Ukikuta wakubwa wameliwa, huenda kuna mnyama mwingine hapo.

Mwana_Dago: Wakubwa pia. Wapo paka kidogo.

Kaa_wa_Nazi: Kidogo ndio wangapi? Na walifikaje, waliogelea?

Mwana_Dago: Niliwaleta mimi. Wawili tu, jike na dume, miaka mitatu iliyopita. Panya walikuwa wanatoboa magunia ya mchele na kukata nyavu, ningefanyaje? Sasa sijui idadi, wamekuwa wa mwituni. Lakini paka wanakula panya, wakuu. Shida ni panya. Na sumu nimeshanunua boksi mbili.

Mama_Vitumbua: Umenunua halafu unauliza ipi?

Kaa_wa_Nazi: Sikiliza ndugu yangu. Kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, kilipelekewa paka watano mwaka 1949 wamalize panya wadogo wa kituoni. Kufikia 1977 walikuwa kama 3,400, wanaua ndege wa baharini laki nne na zaidi kwa mwaka. Kuwamaliza kulichukua mpaka 1991: ugonjwa wa paka, bunduki za usiku, mitego, sumu. Panya wakabaki, na leo wanawatafuna albatrosi wakiwa hai kiotani. Ukitoa paka peke yao, panya wanapumua. Ukimwaga sumu ovyo, akabaki panya jike mmoja mwenye mimba, umerudi mwanzo. Kisiwa cha Chumbe hapo Zanzibar walifanikiwa kuwatoa panya mwaka 1997, lakini kwa mpango, chambo kimepangwa kisiwa kizima.

Bwana_Mizani: Hii chai. Tuko Machi, membe wanataga kusi. Hayo maganda ameyaona wapi? Kisiwa hakina jina, paka hawana picha. Mods, fungeni uzi.

Kijana_wa_Raskazone: Chai ya tangawizi kabisa.

Ami_Saidi: Na mimi nimeshangaa. Mvuvi gani anaandika hivi?

Mwana_Dago: Mzee, mvuvi haendi shule? Nimesema msimu uliopita, rudi juu usome. Jina silitaji kwa sababu wenzangu wa dago wamo humu na paka mmoja wamemzoea, wanamlisha vichwa vya changu. Nikisema waondoke nitaonekana msaliti.

Kaa_wa_Nazi: Mimi namwamini. Mtu anayetunga hadithi hajiweki yeye kuwa mkosaji. Mwana_Dago, hizo boksi usizifungue. Sumu hizi zinakaa mwilini mwa kaa. Kaa hafi, ila wewe unayemla unaimeza. Bundi akila panya mgonjwa naye anakufa. Nenda kwa watu wa Hifadhi za Bahari kabla ya mvua za masika, uwaambie yote, na la paka pia. Sasa hivi membe hawapo, ndio wakati wenyewe. Na chombo chenu kikague kila mkipakia: panya wa kwanza alishuka na gunia.

Mwana_Dago: Wakiniuliza nani aliyeleta paka?

Mama_Vitumbua: Utawaambia ulivyotuambia sisi. Chukua na yule anayewalisha vichwa vya changu, mwende wawili.

Mwana_Dago: Huyo ni kaka yangu. Nitamwambia usiku tukirudi baharini.