Wauzaji wa filta za LAN, wekeni grafu mezani au mtuache!

Wakuu, hili changa la macho sasa limezidi. Kisanduku cha alumini chenye matundu mawili ya LAN (waya wa mtandao), cha kuchomeka kabla ya strima, yaani kifaa cha kucheza muziki wa mtandaoni, kinauzwa bei ya amplifaya nzima, maelezo yake ni "besi imekaza, sauti imepanuka", na grafu hata moja hakuna. Filta isiyosema inapunguza desibeli ngapi kwenye megahezi ngapi ni kanyaboya mpaka mwenye mali athibitishe vinginevyo.

Uongo mkubwa kuliko yote: eti filta "inasafisha data". Inasafisha nini? Kila fremu ya Ethaneti, yaani kifurushi cha data kwenye waya wa LAN, inabeba CRC (namba ya kukagua makosa) ya biti 32. Ikiharibika inatupwa, na TCP, utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni, inatuma tena kilichopotea. Muziki ukishafika unakaa kwenye bafa (kumbukumbu ya muda), kisha sampuli zinatoka kwa mapigo ya saa ya DAC (kigeuza dijitali kuwa sauti ya analogi), siyo kwa mwendo wa paketi. Muziki wa CD ni 1,411 kbps, na hata ule wa biti 24 na kHz 192 ni kama 9.2 Mbps tu. Laini ya 100 Mbps inaubeba huku inasinzia. Mtandao ukiwa na shida kweli, wimbo utakatika. Hautakuwa "mkavu kidogo juu".

Kinachoweza kupenya ni kelele ya umeme, hasa ile inayosafiri kwa pamoja kwenye nyuzi zote kutoka adapta za bei chee za rauta na swichi za mtandao. Hapo kuna hoja, sikatai. Ila mbona hamsemi kwamba tundu la kawaida la Ethaneti tayari lina transfoma ya kutenganisha umeme, ya kuhimili volti 1,500? Vingi vya visanduku vyenu ni transfoma ya pili tu. Vile vya hospitali, vya kV 4, vilitengenezwa ili mgonjwa asipigwe shoti.

Na transfoma haifanyi lolote kwa ngao ya waya. STP (waya wenye ngao) yenye plagi za chuma inaunganisha bodi ya swichi na bodi ya strima. Zikiwa na waya wa ardhi (earth) pande zote mbili, umepata mzunguko, na spika zinavuma kwa 50 au 60 Hz. Dawa ni kipande cha mwisho kiwe UTP (waya usio na ngao) ya Cat 6 yenye plagi za plastiki. Basi.

Kabla hujapigwa, fanya hivi. Cheza wimbo, subiri bafa ijae, chomoa waya wa LAN nyuma ya strima. Muziki utaendelea kwa muda. Sauti imebadilika? Kama haijabadilika, filta haina cha kuondoa, maana hakuna filta inayozidi waya uliochomolewa. Rudia bila muziki, volyumu ikiwa pale unapoiweka siku zote, sikio karibu na twita (spika ndogo ya sauti za juu).

Ukikuta kelele kweli na UTP haijaitibu, weka faiba (waya wa mwanga): konvata mbili za kugeuza umeme kuwa mwanga na kuurudisha, na moduli mbili za mwanga za aina moja. Ukichanganya ya 850 nm na ya 1310 nm, laini haisomi. Na konvata nyingi ni za gigabiti pekee, hivyo strima yenye tundu la 100 Mbps itakaa kimya hadi uweke swichi ndogo katikati. Adapta ya konvata ya upande wa strima nayo iwe nzuri, la sivyo umehamisha kelele tu.

Halafu kuna visanduku vinavyopitisha jozi mbili tu, waya 1-2 na 3-6. Vifaa vinakubaliana gigabiti kupitia hizo hizo, kisha vinakwama kwa kukosa 4-5 na 7-8. Taa inawaka na kuzima, mteja anaambiwa "bado inajizoesha". Kujizoesha kitu gani, transfoma? Lazimisha tundu la swichi liwe 100 Mbps uone kama halitulii. PoE (umeme unaopita kwenye waya wa LAN) nayo haivuki humo.

Wenye mali mnaosoma: leteni grafu ya upunguzaji kuanzia MHz 1 hadi 500, na kipimo cha kelele kwenye matundu ya analogi ya DAC, filta ikiwepo na isipokuwepo. Mkishindwa, mfiche swichi na filta nyuma ya pazia, mtu atambue kama filta ipo au haipo mara 12 kati ya 16. Kubahatisha kunafika hapo chini ya mara 4 kwa 100. Picha ya kisanduku kwenye meza ya mninga hatuitaki.