Mrejesho: jiko la baba la kuchomea nyama limewaka
Wakuu, wiki mbili zilizopita niliomba ushauri kuhusu jiko la gesi la kuchomea nyama alilotuachia marehemu baba: moto wa njano, masizi tele, upande wa kushoto hauwaki kabisa. Wengi mlisema ninunue vichomeo vipya. Aliyeniambia "kwanza chungulia ndani ya bomba" Mungu ambariki.

Nilifunga mtungi, nikachomoa bomba la kushoto, nikapitisha waya wa breki ya baiskeli. Kikatoka kiota cha buibui, cheupe kama pamba, kimeziba njia yote. Matundu ya moto nikayazibua moja moja. Nyavu nilizisugua kwa brashi ya waya, nikazipaka mafuta ya kupikia na kuzichoma mpaka zikawa nyeusi tii.

Mpira wa gesi ulikuwa na nyufa, nimenunua mpya. Kabla ya kuwasha nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Pale kwenye regyuleta (kidhibiti cha gesi cha mtungi) likatoa mapovu, yaani gesi ilikuwa inavuja. Nikakaza, nikapaka tena, likatulia. Jamani, hatua hii msiiruke.

Jumapili moto ulikuwa wa buluu pande zote mbili. Mama alivuta kiti akakaa karibu nalo mpaka nyama ikaiva. Asanteni sana.