Keyes wa vita vya Witu 1890 ndiye huyu huyu aliyekuwa mbunge Uingereza 1940?

kipini_mkavu:
Wakuu habari za muda huu. Nilikuwa nasoma mambo ya Witu, pwani ya Kenya, ile 1890 baada ya Mjerumani Küntzel na wenzake kuuawa pale, Waingereza wakaja na manowari, admirali Fremantle akashusha watu Kipini wakapiga mguu mpaka Witu na tarehe 27 Oktoba mji wa sultani Fumo Bakari ukatiwa moto. Sasa kati ya waliokuwemo anatajwa kijana mmoja Roger Keyes, miaka 18 tu, ofisa mwanafunzi wa meli ya Turquoise iliyokuwa ikizunguka huku kwetu ikisaka majahazi ya watumwa. Nikasogea mbele nakuta jina hilo hilo 1940 ni mbunge kule London!! Ni mtu mmoja au mtu na mwanawe? Na kama ni mmoja, mwanajeshi anaingiaje bungeni na magwanda? Huku Bongo katiba ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi hata kujiunga na chama. Wenye nondo mwageni.

nahodha_mstaafu:
Ni huyo huyo mkuu. Kazaliwa 1872 India kwenye ngome ya mpakani, baba yake jenerali, yaani vita kwao ni kazi ya ukoo. Kaingia chuo cha jeshi la majini 1885, miaka 12 hata kumi na tatu haijatimia, ndo maana Witu unamkuta bado dogo.

Ukitaka kumwelewa angalia China 1900, vita vya Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni. Ana kidestroya (meli ndogo ya kivita yenye kasi) kinaitwa Fame, akishirikiana na mwenzake wa meli ya Whiting wakavamia usiku destroya nne za Wachina pale Taku wakaziteka zote. Baadae kuna ngome juu ya mto wakubwa wanaiogopa, yeye kachukua watu 32 kaenda kuilipua kimya kimya. Huyo ndo Keyes, ukimwambia subiri anasikia nenda.

Kubwa lake ni Zeebrugge Ubelgiji, usiku wa kuamkia 23 Aprili 1918. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinatoka Bruges kupitia mfereji, wazo lake ni kuzamisha meli kuukuu tatu zilizojaa saruji mdomoni mwa mfereji, na ili Wajerumani washughulike na kitu kingine meli Vindictive inagandana na gati lao lenye mizinga na kushusha watu hapo hapo. Sasa sikia, dakika za mwisho upepo ukageuka, moshi wote wa kujifichia ukapeperuka, Vindictive ikaonekana kama mchana kweupe kwa mwanga wa fataki. Ilipofika gatini haikushika, mawimbi yanaitupa, ikabidi kivuko cha abiria cha Liverpool kinaitwa Daffodil kiisukume ubavuni kwa pua yake na kuishikilia pale wakati wote wa mapigano, kivuko cha abiria jamani! Na kuna nyambizi yao C3 ilijazwa baruti ikachomekwa chini ya daraja la gati na kulipuliwa. Walikufa zaidi ya 200, ikatoka misalaba ya Victoria 8, ile medali yao ya juu kabisa ya ushujaa.

Siasa aliingia kwa kukosa cheo alichokitaka. Alikuwa mkuu wa meli zote za Mediterania pale Malta, 1928 ikazuka kashfa ya Royal Oak, admirali mmoja kamtukana kiongozi wa bendi mbele ya wageni kwenye dansi, maofisa wakashtakiana, magazeti yakapata chakula, na Keyes akaonekana kaishughulikia ovyo. Ukuu wa jeshi la majini ukampita hivyo. 1934 akagombea uchaguzi mdogo Portsmouth North kwa chama cha Conservative, mji wa mabaharia na mafundi wa meli, ashindwe na nani.

shemeji_wa_bara:
Nahodha kaacha utamu wenyewe. Mei 1940 Waingereza wametoka kuchezea kichapo Norwei. Keyes ana miaka 67, alishaomba apewe meli za zamani akauvamie mji wa Trondheim huko Norwei mwenyewe wakamkatalia. Tarehe 7 Mei mjadala unaendelea, anaingia bungeni na yunifomu kamili ya admirali, medali safu sita kifuani. Jamaa hakuwa msemaji kabisa, safari hii kaandika hotuba yake, akaanza kwa kusema kavaa vile kwa sababu anawasemea maofisa na mabaharia wanaopigana ambao hawana furaha. Bunge likatulia. Kaichana wizara ya jeshi la majini, Churchill aliyekuwa waziri wake kamkwepesha, kamsifia kabisa.

Kesho yake ikapigwa kura, serikali ikapata 281 kwa 200. Waziri Mkuu Chamberlain alizoea kushinda kwa zaidi ya 200, amebaki na 81, tarehe 10 kaachia ngazi kaingia Churchill. Waziri wa meli ndo kafaidika na lawama za meli, siasa hizi!

mjukuu_wa_siyu:
Tusimpambe sana bwana. Zeebrugge Wajerumani walichimba mchanga pembeni na siku chache tu nyambizi zikawa zinapita kama kawaida, waliokufa wamekufa. Na 1940 kelele za Amery, mbunge wa chama chake mwenyewe Chamberlain, na uamuzi wa wapinzani wa Labour kulazimisha kura ndizo zilizomwangusha Chamberlain, medali zilikuwa za kunogesha. Churchill alimpa ukuu wa makomando Julai 1940, kagombana na wakuu wa majeshi, Oktoba 1941 katolewa kawekwa Mountbatten, akarudi bungeni kulalamika eti kamati zimemfunga mikono.

Nampa moja tu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliposalimu amri Mei 1940 kila mtu London alimwita msaliti, Keyes alikuwa naye kule kama mjumbe wa Churchill, kasimama peke yake bungeni kumtetea na gazeti la Daily Mirror akalipeleka mahakamani. Hiyo haikuwa na kura ndani yake. Ila sisi wa huku kwa Fumo Bakari hatumdai shukrani yoyote.

kipini_mkavu:
Asanteni sana wakuu, mjukuu nimekusoma. Lakini swali la magwanda hamjalijibu, ilikuwa ruksa?

nahodha_mstaafu:
Ruksa kabisa enzi hizo. Alichaguliwa 1934 na kustaafu ni 1935, na vita ya pili wabunge kibao walikuwa jeshini. Sheria ya kumzuia askari aliye kazini asiwe mbunge wamekuja kuibana 1957. Mwanawe Geoffrey ni huyo unayemchanganya labda, komando, aliuawa Libya Novemba 1941 wakimvizia jenerali wa Wajerumani Rommel ambaye hata hakuwepo.

Keyes alipewa ulodi 1943 akahamia Bunge la Malodi, kafariki Desemba 1945. Na kiti cha Portsmouth North unajua kilichukuliwa na nani? Admirali mwingine, William James, ambaye utotoni babu yake mchoraji Millais alimchora anapuliza mapovu, picha ikawa tangazo la sabuni ya Pears. Jeshi zima likawa linamwita Mapovu mpaka uzeeni 😂