Gumzo la kikundi: WAJUKUU WA BIBI IPAGALA

*Jumamosi*

Shangazi Sechelela 07:12
Bwana asifiwe wanangu. Kesho baada ya ibada ya pili, kwa Bibi. Wenye ndoa changa WOTE, mke na mume. Ajenda ni hela ya nyumba. Jibuni.

Shangazi Sechelela 09:40
Mmesoma watu 14. Kimya.

Neema 09:58
Nipo shangazi. Baba Junia yuko zamu Mtumba, sijui kama atawahi

Shangazi Sechelela 10:01
Ya Daudi mmeyaona. Mkopo wa kausha damu laki 2, kwa mwezi mmoja arudishe laki 2 na 60. Mkewe kajua siku wamekuja kubeba friji.

Daudi 10:03
Shangazi haya si ya kuweka humu

Baraka 10:04
Ile nyama yangu ilikuwemo? 😂

Nyemo wa Daudi 10:11
Nyama wametuachia shemeji

Shangazi Sechelela 10:15
Baraka tulia. Mahindi ndiyo yanatoka shambani sasa hivi, Kibaigwa bei iko chini. Mkisubiri Januari mtapimiwa kwa kilo dukani na mtalia. Tukodi gari moja. Kila nyumba itaje magunia.

Daudi 10:22
Mkopo wa chuo asilimia 15 unakatwa kabla mshahara sijaushika. Mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Gunia natoa wapi

Shangazi Sechelela 10:23
Mkeo anaujua huo mshahara?

Baraka 10:23
Swali lirudiwe polepole 😂😂

Daudi 10:26
_Ujumbe huu umefutwa_

Neema 10:40
Halmashauri inakopesha bila riba, vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato yake. Ila mpaka muwe kikundi kilichosajiliwa

Baraka 10:41
Kikundi si hiki? Mwenyekiti mmoja, mabubu 11

Mjomba Yona 13:05
Nimeona. Kabla ya mahindi, Sechelela, hela ya bati iliishia wapi?

Shangazi Sechelela 13:09
Kaka, hilo tulilimaliza Mvumi.

Mjomba Yona 13:10
Ulilimaliza wewe.

Neema 15:32
Niko kwa Bibi, kasomewa yote. Anasema niandike hivi: "Babu yenu hakupeleka ng'ombe mnadani mimi sijui. Daudi, kesho uje na mkeo, na karatasi ya huo mkopo uje nayo. Yona, bati ni zangu, sijamtuma mtu kuzidai."

Daudi 15:50
Sawa Bibi

Mjomba Yona 16:44
Sawa Mama.

Shangazi Sechelela 18:20
Haya. Mwenye gari anataka jibu leo. Magunia mangapi? Na nauli tunagawanaje?

Baraka 18:31
Anapokea ahadi?

Nyemo wa Daudi 21:47
Shangazi sisi tuandikie debe 3. Gunia zima mpaka nikae na mwenzangu

Shangazi Sechelela 21:49
Mwenye gari hapakii madebe Nyemo. Nani ana debe 3 nyingine tujazie?